Kesi ya Ndugu Wawili wa Kwenye Kanda

Watu wakisikia kwamba kaka yangu alipelekwa ziwani kwa sababu ya katuni, hucheka. Wacheke tu. Mimi nilikuwepo, na siku ile hakuna aliyecheka isipokuwa baba mdogo mmoja ambaye alikuwa ameshiba.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua kahawa Mbinga. Kabla ya hapo kahawa ilikuwa na mlango mmoja: unapeleka ushirika, unasubiri. Sasa ghafla wakawa wengi, na kila mmoja anakuchangamkia barabarani utadhani mlinyonya ziwa moja. Mmoja wao alitoka Pwani, mtu wa kofia na tasbihi, mpole sana, nasi sote tulimwita Tajiri. Alifungua kituo chake kijijini kwetu Ukata, kwenye nyumba ya bati, na kwa kuwa wenzake walikuwa wanagawa fulana na kalenda ili wapate wateja, yeye akaleta runinga, deki na jenereta. Ukipeleka kahawa yako, unakaa kwenye benchi unaangalia runinga mpaka zamu yako ya kupimiwa ifike. Shida ni kwamba alikuwa na kanda moja tu.

Kanda yenyewe ilikuwa katuni ya ndugu wawili, vijana wa rika letu, mmoja mrefu mwembamba, mwingine mfupi wa duara. Lugha yao hakuna aliyeijua. Tajiri alisema ni Kifaransa. Mwalimu wetu wa darasa la saba akasema hapana, ni Kijerumani. Padre, ambaye alizijua lugha zote mbili, alikaa kwenye benchi dakika tano akasema si hiki wala si kile, akaondoka. Lakini katuni ile haikuhitaji lugha. Wale vijana walikuwa wanaharibu vitu, basi. Wanamnyoa mjomba wao sharubu upande mmoja akiwa usingizini, wanaingiza gari la jirani bwawani, mama yao analia, baba yao anawakimbiza, wanaanguka korongoni wanakuwa bapa kama chapati, kisha wanainuka na kuendelea. Yule mfupi ndiye aliyekuwa na akili. Alikuwa anakuna kichwa, anacheka peke yake, halafu yule mrefu anatumwa kubeba ngazi.

Mimi na kaka yangu tulifanana nao mno. Yeye alikuwa amenizidi mwaka na nusu na alikuwa mrefu. Mimi nilikuwa mfupi, na tumbo nilikuwa nalo, sikatai. Watu kwenye benchi walikuwa wanatuangalia sisi, wanaangalia runinga, wanacheka mpaka machozi. Babu yetu mzaa baba hakucheka. Siku ya kwanza alipoona ile kanda alimgeukia Tajiri akamuuliza taratibu, "Nani amewachora wajukuu wangu?"

Msimwone babu mjinga. Alijua fika kwamba zile ni picha. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu hawezi kuchora asichokiona, kwa hiyo lazima mahali fulani kuna nyumba yenye watoto wa namna ile, na mama yao yupo, na anateseka. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Akaanza kupeleka kahawa kidogo kidogo, leo debe moja, kesho kutwa nusu debe, ili apate sababu ya kurudi kwenye benchi. Bibi alilalamika kwamba kahawa ya mwaka mzima inakwenda kuuzwa kwa vikapu utadhani ni mboga.

Sasa, wazo la nguruwe lilikuwa langu. Naliandika hapa wazi kwa sababu wakati ule sikulisema. Kwenye kanda wale ndugu walikuwa wamemvisha nguruwe kofia ya mama yao na kumlaza kitandani, na mimi nikaona sisi tunaweza kufanya vizuri zaidi. Jumapili moja bibi alipokwenda kwenye sala za jumuiya tulimchukua nguruwe wa nyumbani, yule jike aliyeanza kunenepa, tukamlisha machicha ya pombe mpaka akalegea. Kaka ndiye aliyembeba. Tukamfunga kitenge, tukampiga kilemba, tukamlaza kitandani kwa bibi uso umeelekea ukutani, tukamfunika blanketi, tukajificha nyuma ya nyumba chini ya dirisha.

Tulichosahau ni kwamba bibi alikuwa anamtarajia dada yake kutoka Mbinga mjini, na macho ya bibi mwenyewe yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aliingia, akaona mgeni amelala, akafurahi kweli. Akamsalimia kwa Kimatengo, nguruwe akakoroma. Akamuuliza habari za njiani, nguruwe akakoroma tena. Bibi akasema pole, umechoka, lala tu, mimi nitaongea. Na akaongea. Alimsimulia dada yake habari zote za nyumba ile kwa muda ambao ungetosha kuivisha maharage: jinsi babu anavyokula peke yake asali aliyoificha darini, jinsi anavyoogopa ngurumo za radi, na jinsi mwaka wa harusi yao alivyotaka kuoa mwanamke mwingine kabisa, yule akamkataa. Babu alikuwa barazani ananyoa ndevu. Alisikia yote. Baba pia alisikia, na baba mdogo, na mwalimu wetu wa darasa la saba ambaye alikuwa amekuja kuazima jembe.

Kisha bibi akamletea mgeni uji. Nguruwe aliamka, akanywa uji, akashuka kitandani, akatoka mlango wa mbele na kitenge chake akapita katikati ya wanaume wale. Babu alibaki na sabuni shavuni.

Baba hakutuchapa. Hilo ndilo lililotutisha. Alisema hivi: "Mkiwa wawili mna akili ya shetani, mkiwa mmoja mmoja ni watoto wa kawaida. Mmoja atakwenda kukaa kwa mjomba wenu Mbamba Bay, moja kwa moja. Yule anayepanga ndiye atakayekwenda." Mjomba alikuwa anaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, kule ufukweni, na mtoto aliyekwenda kwake alianika usipa pia, shule ikawa bahati nasibu. Mimi nilikuwa sijui kuogelea na nilishasikia habari za mamba. Zaidi ya yote, tangu nizaliwe sikuwahi kulala kitanda ambacho kaka yangu hayumo. Baba akatuuliza nani alipanga. Tukanyamaza wote wawili. Basi, akasema, jambo hili litakwenda sengu.

Sengu kwetu Wamatengo ni hivi: wanaume wa ukoo na watoto wao wa kiume wanakutana kwa babu, kila nyumba inaleta chakula chake, mnakula pamoja, na mkishiba kesi zinasikilizwa. Ilikuwa Jumapili iliyofuata, baada ya misa. Ugali ulikuwepo, maharage yalikuwepo. Baba aliposimama kueleza kosa letu, babu akamkatisha.

"Hawa wamefundishwa," alisema. "Walimu wao waanze."

Wazee wakaona ni haki. Tajiri akaitwa. Alikuja na kanzu safi na pakiti ya biskuti zake, akasalimia, akaketi. Aliposikia kwamba kesi inahusu nguruwe alisogeza kigoda chake nyuma kidogo, ingawa nguruwe mwenyewe alikuwa bandani. Akaulizwa kwa nini hakuja na wale vijana wa kwenye kanda. Tajiri akafikiri, akajibu kwa adabu kwamba wako nje ya nchi. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hilo lilieleweka.

Lakini sengu haimhukumu mtu bila kuwepo mtu wa kumsimamia. Wakatafuta huku na huku, mwisho mzee mmoja akanyoosha kidole chenye ugali akasema, "Hawa si wamefanana nao? Wasimame wawasimamie." Ndivyo mimi na kaka yangu tulivyosimama katikati ya baraza la ukoo kuwatetea watu wa kuchorwa.

Jamani, kesi ilikwenda kama kesi. Waliowahi kukaa kwenye benchi walitoa ushahidi mmoja baada ya mwingine. Sharubu za mjomba zilijadiliwa kwa kirefu, wengine wakisema ni dharau kubwa, wengine wakiuliza mjomba gani huyo analala mchana. Mzee mmoja aliinuka kusema kwamba yeye amehesabu vidole vya ile familia, na wote, baba, mama na watoto, wana vidole vinne kila mkono. Ni ugonjwa wa ukoo, alisema, na mtoto mgonjwa hachapwi. Wazee wakaguna kwa huruma. Babu akauliza kama mama yao ana dawa anayotumia. Tajiri akasema hajui, ila ataulizia Dar es Salaam. Ikaja hoja ya kuanguka korongoni. Katekista, ambaye ni baba mkubwa wetu, alisema kwamba kwa hesabu yake vijana wale wamekufa mara tisa na kufufuka mara tisa, na jambo la namna hiyo halimalizwi na ukoo, linapelekwa parokiani. Wakakubaliana kulipeleka. Hapo ndipo baba mdogo alipocheka, akafukuzwa.

Mimi nilikuwa najua kutetea. Kila shitaka nilikuwa na jibu, nilieleza kwa nini gari liliingia bwawani, nilieleza kwamba yule jirani ndiye aliyeanza uchokozi, nikaanza kusikia utamu wa kusikilizwa na watu wazima. Kaka alisimama kando yangu kimya, akikwaruza ardhi kwa kidole gumba cha mguu. Kuongea hakukuwa kazi yake. Ndipo babu akauliza, bila kupandisha sauti, "Hao wawili wa kwenye kanda. Anayepanga ni yupi?"

Nilijua kinachoulizwa. Kila mtu pale alijua. Tulikuwa tumesimama pale mrefu na mfupi, na baba alishasema anayepanga ndiye atakayekwenda.

"Yule mrefu," nikasema.

Kaka aliinua uso akaniangalia. Kanda ile alikuwa ameiona mara nyingi kuliko mimi. Na nguruwe alimbeba kwa sababu mimi nilimwambia ambebe. Neno moja tu lilimtosha kunimaliza, na nilimwona akilipata, nikaona midomo yake inafunguka. Kisha akaangalia chini akaendelea kukwaruza ardhi. Babu alisubiri kidogo. Hakuna aliyesema kitu, hata wale waliokwishakaa kwenye benchi. Wengi, nadhani, walikuwa wamechanganyikiwa na lugha na vidole.

Hukumu ikatolewa kwamba yule mrefu wa kwenye kanda atengwe na mdogo wake. Mtu akauliza itatekelezwaje naye yuko nje ya nchi. Wakasema hukumu haiwezi kubaki hewani, na aliyesimama kwa niaba yake yupo. Nasema tena, hakuna aliyecheka. Tajiri alinyoosha mkono akaomba kuchangia, akasema kwa masikitiko kwamba angejua angeleta kanda ya mpira.

Kaka aliondoka asubuhi ya Jumatano na lori lililokuwa linapeleka mahindi Mbamba Bay. Alikaa juu ya magunia na mfuko wake wa nailoni. Nilitaka kumwambia kitu lakini baba alikuwa amesimama pale pale na mimi nilikuwa mwoga. Yeye ndiye aliyeniambia. Alisema, "Kitanda chote sasa ni chako." Hakusema kwa ubaya. Lori likaondoka.

Nilikaa na jambo lile wiki nne hivi. Darasani nilikuwa naangalia ubao bila kuuona, na nilipokwenda kuungama nilitaja matusi na uvivu nikaliacha hilo. Mwishowe nikamfuata babu shambani. Alikuwa anapogoa mibuni, mimi nashika matawi, yeye anakata. Nikamwambia, "Babu, nilidanganya kwenye sengu. Anayepanga ni yule mfupi."

"Najua," alisema, akakata tawi. "Kanda ile nimeiona zaidi ya mara kumi. Hata bibi yako asiyeona anajua ni yule mfupi."

Nilipata hasira ambayo sikuwahi kumwonyesha mtu mzima. Nikamuuliza kama alijua, kwa nini alimpeleka kaka badala yangu, kwa nini aliniacha niseme uongo mbele ya ukoo mzima halafu akaugeuza kuwa hukumu. Nilikuwa nalia na kupiga kelele, na babu akaacha nimalize. Kisha akaufuta mkasi kwenye suruali yake.

"Baba yako alishaamua kwamba mmoja aende, na mimi sikutaka kumvunja mbele ya watu," alisema. "Basi nikauliza nijue nani anaweza kutumwa. Kaka yako ni mtu wa kunyamaza kwa ajili ya mwenzake. Mtoto kama huyo naweza kumpeleka kwa watu, kokote, na hatanitia aibu. Wewe ningekupeleka kwa nani?"

Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, kisha akahamia mbuni mwingine akaniambia nilete matawi.