Kufuata Vitabu vya Mfukoni Mwiki

Baba alikuwa amelitangazia kanisa zima kwamba mwanawe ameandika kitabu, na kwamba Jumapili baada ya ibada wazee waje nyumbani kwetu Kiganjo, pale Thika, wakione. Kitabu chenyewe kilikuwa bado Mwiki kwa mchapaji. Jumamosi asubuhi, basi, nikafunga safari kutoka Thika kwenda huko Mwiki, upande wa Ruiru, nikimwomba Mungu gundi ya jalada iwe imekauka.

Mfukoni nilibeba kitabu kidogo cha Kijapani nilichoachiwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyekuwa jirani yetu. Kwao huviita bunko: jalada laini, karatasi nyembamba, kinatoshea kiganjani. Nilikipenda mno, nikataka hadithi yangu ichapwe kwa kipimo hicho hicho. Ni hadithi ya Baba akipeleka ng'ombe wa mahari ya Mama, ng'ombe akatoroka njiani. Niliimaliza ng'ombe akiwa bado amepotea, maana nilisikia waandishi wakubwa humwachia msomaji afikirie mwenyewe.

Mwiki, nilimkuta Kamau mchapaji na boksi langu mezani.

"Niaje, mwandishi! Leta hiyo ya Japan tupime."

Tulikilaza changu juu ya kile cha Kijapani, vikalingana. Mgongo ulikuwa umeshikwa kwa gundi, hakuna pini hata moja. Nilikinusa kama mkate.

"Usifungue sana, gundi bado ni mtoto," alinionya. "Lakini ni kadogo, bro. Watu wa huku hupenda kitabu unaeza egemeza mlango nayo."

Nilimwambia hajui mambo ya dunia, nikabeba boksi langu.

Adhuhuri, nikiwa njiani kurudi, nilishukia Kalimoni kwa Tata Wambui, dada yake Baba, kwa kuwa kumpita bila kunywa chai ni kutafuta kesi. Ushirika wa akina mama ulikuwa unakaribia kumalizika sebuleni. Niliacha boksi wazi juu ya meza karibu na mlango, nikaenda jikoni kula viazi vitamu. Niliporudi, boksi lilikuwa tupu.

"Tata, vitabu viko wapi?"

"Zile trakti? Wamama wamebeba. Wamekuombea sana!"

Kwetu, kijitabu chembamba kilichowekwa mlangoni ni cha mhubiri: unachukua, unasema amina, unaenda zako. Akina mama walikuwa wameshatawanyika mashambani. Tata alitikisa lile boksi kana kwamba kimoja kingeanguka. Nilitaka kulia.

Jioni nilifika Kiganjo mikono mitupu, na ulimi ukakataa kumwambia Baba.

Jumapili wazee walijaa sebuleni. "Lete kitabu!" Baba akaamuru. Mkono uliingia mfukoni wenyewe, ukatoka na kile cha Kijapani. Baba alikifungua, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akasimama.

"Mnaona? Kijana yangu ameandika na Kijapani!"

"Ngai!" wazee wakashangaa. Mmoja akaniomba niwasomee kidogo.

Ndipo simu yangu ikalia pale mezani. Baba aliona ni dada yake, akaipokea na kuiweka kwenye spika ili naye asikie furaha yetu.

"Hiyo trakti ya kijana yako!" Tata alifoka. "Wamama hawajalala! Wanacheka, halafu wananisumbua: hiyo ng'ombe ilirudi ama haikurudi? Kitabu inaisha tu hivyo!"

Baba alikitazama kitabu cha Kijapani, kisha akanitazama mimi. Nilieleza yote, kuanzia boksi hadi viazi vitamu. Wala hakuuliza habari za boksi.

"Kwani hukuandika kama ilirudi?"

"Nilitaka msomaji afikirie, Baba."

"Afikirie nini?" Akaisogeza simu mdomoni. "Wambui, waambie ilirudi. Kama haingerudi, huyu mjinga angetoka wapi?"

Jumatatu nilikuwa Mwiki tena. Nimejifunza kwamba kitabu kidogo hufika mbali kabla ya mwandishi wake, kwa hiyo kipimo sikukibadilisha. Nilimwomba Kamau aongeze ukurasa mmoja tu mwishoni, na maneno yake yote ni ya Baba.