Mwalimu Kioo na Deni la Kumi na Moja

Kwa miaka ishirini na miwili Mwalimu Kioo alifundisha watu kuendesha magari, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akisema "nimekosea." Jina lenyewe alipewa na wanafunzi. Mtu hajafunga mkanda, yeye kashasema, "Kioo!" Mtu anataka kupinda, "Kioo!" Mama mmoja mwenye duka la vitambaa aliwahi kumuuliza kama ni lazima atazame kioo hata gari likiwa limezimwa. Mwalimu akamjibu kwamba gari limezimwa, barabara haijazimwa. Jibu hilo likazunguka mtaa mzima, naye tangu siku hiyo akawa anatembea kifua mbele kama aliyevishwa nishani.

Watu walimpenda, na naomba hilo lieleweke mapema, maana nitamsema sana hapa. Waoga wote wa mji walipita mikononi mwake: wajane, wastaafu, bwana harusi aliyetapika kila akishika usukani. Upande wake wa gari alikuwa na breki yake mwenyewe, lakini aliigusa mara chache. Silaha yake ilikuwa sauti. Hakupayuka hata siku moja. Alisema, "Klachi... polepole... haya, breki sasa," kwa upole wa mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa, na mguu wa mwanafunzi ulitii wenyewe.

Kilichomfilisi ni kichwa kigumu. Ng'ambo ya barabara ilifunguliwa shule nyingine ya udereva, ya bei nafuu, na yeye badala ya kubana matumizi akachukua mkopo wa kununua magari mapya. Mkewe, fundi cherehani mwenye akili zake timamu, alimwambia anunue moja. Alinunua matatu, kwa sababu alikuwa ameshasema matatu mbele ya watu. Akayapaka rangi ya chungwa, na kwenye kila moja ikachorwa picha yake mwenyewe akitabasamu. Mwaka na nusu baadaye benki ilikuja kuyavuta moja moja, na majirani wakajipanga nje kuitazama sura ya Mwalimu ikiondoka mtaani huku inacheka, mara tatu.

Maji yalipofika shingoni, alishauriwa aende mahakamani akatangazwe kuwa amefilisika. Ataje kila anayemdai, atoe alicho nacho, kisha aachiwe aanze upya. Na mahali pa kuanzia palikuwepo: kampuni moja ya mabasi ilimtaka awafundishe madereva wake, mshahara wa kila mwezi. Ila mwenye kampuni alisema wazi kwamba hataki mtu ambaye wadai watakuja kumgombania mlangoni. Maliza mambo yako, alimwambia, halafu uje.

Basi Jumapili mchana mtu na mkewe wakakaa mezani jikoni na fomu. Mke akavaa miwani, akasoma orodha kwa sauti: benki, mwenye nyumba ya ofisi, fundi rangi, mchora picha, mwenye duka la matairi, hadi madeni yakatimia kumi.

"Na lile la mkunga?" akauliza.

"Lipi?"

"Baba Watoto, usinitanie. Yule mama uliyegongana naye mwaka juzi. Si alikushtaki? Si kesi haijaamuliwa mpaka leo?"

"Hilo si deni. Hilo ni uzushi." Mwalimu akanyoosha shati. "Alirudi nyuma akanigonga. Nikimwandika humu, nimekiri. Mwalimu wa udereva amekiri kumgonga mtu kwa nyuma! Bora nife na deni."

"Utakufa nalo kweli. Mimi nitakuwa nimeshahamia kwa dada yangu."

Alicheka, na Mwalimu akacheka pia, ila chake kilikuwa kicheko cha kuazima. Maana ukweli wa siku ile aliujua yeye peke yake, na sasa tutaujua sisi.

Siku hiyo alikuwa analipeleka gari kuoshwa, yuko peke yake, yeye mwenyewe ndiye ameshika usukani. Mbele yake gari dogo jeupe lilisimama kwenye kivuko ili mzee mmoja apite. Mwalimu aliliona mapema kabisa. Alitazama kioo, hilo alilifanya. Kisha kwa ile sauti yake ya dawa akasema, "Breki." Gari likaendelea. Akasema, "Breki, taratibu." Likaendelea. Akasema, "Nimesema breki, bwana!" na akatulia, mikono mapajani, akisubiri kutiiwa. Alikuwa bado anasubiri bampa lilipoingia kwenye buti la watu.

Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma nilipoisikia hadithi hii, sijifichi. Lakini yaliyofuata hayachekeshi. Mkunga alishuka ameduwaa, watu wakajaa, na Mwalimu, kwa aibu, akasema kwa upole uleule: "Mama, ulirudi nyuma." Juu ya gari lake palikuwa na kibao kikubwa kilichoandikwa MWALIMU WA UDEREVA. Nani angebishana na kibao? Watu wote wakamgeukia mkunga wakatikisa vichwa.

Jumatatu asubuhi walikuwa ofisini kwa ofisa wa ufilisi, mama mnene mcheshi aliyekuwa anakula karanga kutoka kwenye droo. Aliipitia fomu, akauliza swali analomuuliza kila mtu: kuna jingine lolote? Mke akamkanyaga mumewe mguu chini ya meza.

"Kuna madai fulani ya ajali," alisema Mwalimu. "Lakini nayapinga. Mahakama haijaamua. Kwa hiyo sidaiwi."

"Ajali ilitokea lini?"

"Mwaka juzi."

"Na leo ndiyo unafilisika." Ofisa akaweka karanga chini. "Sikiliza, mzee wangu. Mimi sitazami lini jaji ataamua, natazama lini gari liligonga. Limegonga kabla, basi deni linaingia na wenzake. Unalipinga? Lipinge utakavyo, andika pembeni 'nalipinga.' Kuandika si kukiri. Lakini ukilificha, orodha itafungwa, wewe utaanza kazi yako mpya, halafu siku moja hukumu inatoka na yule mama anakuja kushika mshahara wako, na mimi sitakuwa na la kukusaidia. Mtu aliumia?"

"Hapana. Bampa na buti tu."

"Ulikuwa umelewa?"

"Mimi?" Mwalimu alitoa macho. "Mimi hata soda ya tangawizi nainywa nusu!"

"Basi andika. Ungekuwa umelewa tungeongea mengine, maana deni la mlevi halifutiki."

Aliandika. Deni la kumi na moja: mkunga, ajali, nalipinga. Kalamu ilipotoka kwenye karatasi alihisi mwili mwepesi mno, akatoka pale anapiga mluzi, akamnunulia mkewe ua la plastiki kwa mchuuzi wa mlangoni, naye mkewe akamwambia fedha hizo ni za wadai. Hata hilo halikumkera. Alikuwa ametoka kwenye mtego bila kuacha hata unyoya mmoja: deni litafutika na heshima imebaki palepale.

Mkutano wa wadai ulifanyika baada ya wiki tatu, kwenye chumba chenye feni mbovu. Mwalimu alikuja na mkewe; wadai walikuja wanne tu. Vijana wawili wa benki wenye tai zinazofanana, mchora picha, aliyekuja, nadhani, kumwona tena mtu aliyemchora mara tatu, na mwishoni kabisa akaingia mkunga, amevaa sare ya kazi, jasho linamtiririka, viatu vimejaa vumbi. Mwalimu alipomwona, akaanza kupapasa mifuko kama anayetafuta kitu.

Ofisa alieleza taratibu, akamaliza, akamgeukia mkunga. "Mama, yako imeandikwa kama inapingwa. Mtakachogawana wote ni kidogo sana, na baada ya hapo huwezi kumdai tena. Una la kusema?"

"Hilo nimelielewa, na sina kinyongo," alisema mkunga. "Nina swali moja kwa Mwalimu." Akamtazama usoni. "Mimi nilirudi nyuma?"

Mwalimu akainua macho kwenye feni mbovu.

"Nauliza kwa sababu nilipofungua kesi nilikuwa na uhakika. Lakini watu walikuwa wanasema, mwalimu mzima atadanganya? Mume wangu ndiye wa kwanza. Kila tukila lazima anitanie, 'Mama Rivasi, nisogezee chumvi, usirudi nyuma.' Ukiambiwa jambo kila siku unaanza kulikumbuka. Uhakika ukaisha, kesi ikabaki. Sasa gari siligusi. Naweza kumgeuza mtoto tumboni kwa mikono hii, lakini nikishika usukani inatetemeka. Leo nimekuja kwa miguu kutoka hospitali. Sitaki hela. Niambie tu."

Hapo Mwalimu angeweza kusema "ndiyo" na isingemgharimu senti. Deni lilishaandikwa, lingefutika akisema hivi au vile. Lakini kusema kweli mbele ya vijana wa benki ni sawa na kuitangaza sokoni, na kampuni ya mabasi ingeipata kabla ya jioni. Alivitazama vile viatu vyenye vumbi. Ishirini na miwili, miaka ishirini na miwili ya kuwaondolea watu woga mmoja mmoja, na huyu hapa alikuwa amemtia woga kwa sentensi moja. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Hukurudi nyuma," alisema. "Hata inchi moja. Ulisimama vizuri kuliko mwanafunzi wangu yeyote."

"Sasa ilikuwaje?"

Akaeleza. Alieleza yote, breki ya kwanza, breki ya pili, hadi ile ya "bwana," na mikono mapajani. Kijana mmoja wa benki aliinama chini ya meza akijifanya anafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mchora picha alilia waziwazi kwa kicheko. Ofisa alipaliwa na karanga ikabidi apigwe mgongoni. Mke wa Mwalimu ndiye aliyekuwa wa mwisho: alimtazama mumewe mdomo wazi, kisha akasema, "Ulimwambia nani 'bwana'?" na hapo naye akaanguka begani kwa mkunga, wakashikana wanacheka kama watu waliosoma darasa moja. Kampuni ya mabasi iliisikia, bila shaka, na ilimchukua hivyohivyo, kwa sharti kwamba akiwa peke yake apande basi kama abiria.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale chumbani Mwalimu aliomba fomu, akakata neno "nalipinga" kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia sahihi. Ofisa, akiwa anafuta machozi, akamkumbusha mkunga kwamba hilo halitamwongezea cha maana. Mkunga alisema anajua. Alikuwa ameshatoa simu kwenye mfuko wa sare na anabonyeza namba ya mumewe.

"Baba Watoto? Upo? Ngoja, kuna mtu anataka kukusalimia."

Akamkabidhi Mwalimu. Mwalimu akaipokea kwa mikono miwili na kusimama wima.

"Shemeji, habari za kazi," alisema. "Hatujuani. Mimi ndiye yule mwalimu wa udereva. Mkeo hakurudi nyuma. Alikuwa amesimama. Mimi ndiye niliyemgonga, na mimi ndiye niliyedanganya."

Kutoka upande wa pili sauti ya mwanamume, ndogo, ikasema, "Mpe simu mke wangu."

Mkunga aliichukua, akatoka nayo hadi ukumbini, akachagua benchi lililo wazi, akakaa, akakunja nne, akaweka simu sikioni.

"Haya," alisema. "Nakusikiliza."