Kuku wa mke wangu walivyopima mizizi ya miche yangu ya iris

Wakuu, salaam. Sijui kama hili linastahili uzi, ila nitalieleza lilivyotokea, bila chumvi.

Niko Kikwe, huku Meru. Mbele ya nyumba nina iris za bluu na za njano, yale maua ya majani marefu kama panga. Nilichukua chavua ya moja nikapaka kwenye nyingine, nikapata mbegu, nikazipanda kwenye tuta, zikatoa miche.

Itachanua rangi gani? Hakuna anayejua duniani. Hilo ndilo lilikuwa linaninyima raha.

Sasa, mke wangu Mama Eliya tuta hilo analitaka apande mchicha. Na ana haki, mchicha unalika.

Tukakubaliana tupime mizizi. Mche imara unabaki, dhaifu unapisha mchicha. Nikasema nitaivuta kwa mkono.

Akacheka. "Wewe Baba Eliya utavuta kama unamshika mtoto shavu. Waache kuku wapime."

Kweli, kuku hana upendeleo. Jumamosi tukawafungulia.

Wakuu, niliumia. Miche niliyoipenda, minene, kijani imekolea, ilitoka kirahisi mno. Huku Meru tumezoea migomba: ukikipenda kitu unakirundikia samadi. Nami nikafanya hivyo hivyo. Mizizi ikakaa juu juu. Chakula kiko hapo, ishuke chini kutafuta nini?

Ile myembamba ya pembeni, ambako samadi iliniishia, kuku walichakura mpaka wakaondoka zao. Haukung'oka hata mmoja.

Nilitakiwa nifurahi. Lakini roho ikanisuta, nikamwambia mke wangu: hawa kuku kufika pembeni walishashiba minyoo ya kwenye samadi, huenda hawakuchakura kwa moyo. Labda turudie kesho wakiwa na njaa, iwe fair.

Akaniangalia weee.

"Baba Eliya, umeshinda na bado unajikatia rufaa? Mchicha wangu utatosha hapo kwenye samadi. Hiyo ya pembeni iache. Na mimi nataka kuona rangi."

Nilichojifunza, kama nimejifunza sawa: mche usiudekeze ukiwa mdogo, uache ujitafutie, ndiyo unashika ardhi.

Mliowahi kuotesha iris kwa mbegu, hiyo test ya kuku walioshiba mnaihesabu halali? Semeni ukweli tu, ila mke wangu naye anasoma hapa.