Mbwa Sukari na Mkeka wa Bi Mwanamkasi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo naitazama mikono yangu. Ilikuwa adhuhuri, kule pwani, mtaa wa Makorora. Nilikuwa nimeshika fimbo, na mbele yangu alisimama Bi Mwanamkasi, mwenye nyumba niliyopanga, miguu yake bado inachuruzika maji ya udhu. Kati yetu ulitandikwa mkeka wake wa kusalia, na katikati ya mkeka palikuwa na mkojo wa mbwa. Mbwa alikuwa wangu.

Nakusimulia haya kwa sababu ya ujumbe wako. Umesema mbwa uliyemnunua, yule mdogo wa miguu mifupi, amekushinda. Miezi miwili sasa unafuta mkojo sebuleni, umempiga, umemsugua pua kwenye uchafu wake, na bado. Umesema ni mkaidi wa kuzaliwa na unataka kumrudisha alikotoka. Kabla hujamrudisha, kaa kitako unisikilize. Mbwa mkaidi namjua, na binti mkaidi zaidi yake namjua pia, maana alikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, binti wa Kisambaa niliyeshuka kutoka Lushoto kuja kufundisha darasa la kwanza. Ilikuwa miaka ile ya dhiki, madukani rafu tupu, sabuni tunaisikia kwa jina. Ukiona watu wamepanga foleni unajiunga kwanza, halafu ndiyo unauliza kinauzwa nini. Kanisani kwetu alikuwa akisali mama mmoja Mjerumani, mumewe fundi wa mitambo katika shamba la mkonge. Mkonge ulipoanguka bei na mitambo ikasimama, wakafunga virago kurudi kwao. Siku ya kuaga akaniwekea mikononi mtoto wa mbwa, mwili mrefu, miguu mifupi mno, rangi ya sukari guru. Nikamwita Sukari. Ujinga wa kwanza ulikuwa huo, kwani nilipomwita uani mara ya kwanza kwa sauti kubwa, jirani alitoka na bakuli.

Bi Mwanamkasi alikuwa Mdigo, mjane, mtu wa swala tano. Nyumba yake ilikuwa kama nyumba zote za pale, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mimi nilikuwa mpangaji pekee Mkristo. Nilipoingia na mbwa alisema, "Mwalimu, dini yangu waijua. Huyo akae chumbani mwako na uani. Ukumbini apite, asikae. Siku atakayoninajisia nyumba, mtatoka nyote wawili." Nikajibu, "Nimesikia, mama." Na vyumba wakati ule vilikuwa havipatikani. Kilichokuwa mkononi mwangu ni chumba kile na mbwa yule, na vyote viwili vilitegemea jambo moja, kwamba Sukari ajue kukojoa nje.

Sasa mimi nilikuwa mwalimu, na mwalimu wa siku zile alikuwa na chaki mkono mmoja na fimbo mkono wa pili. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, hivyo ndivyo nilivyofunzwa, nami nikafunza vivyo hivyo. Sikuona kwa nini mbwa awe na mtaala wake. Natoka shule saa nane, nafungua mlango, nakuta kidimbwi kwenye pembe ya chumba karibu na sanduku la nguo. Namshika Sukari, namsugua pua pale, namchapa, namtoa uani. Kesho yake kidimbwi kiko palepale. Namchapa zaidi. Sakafu naipangusa kwa maji matupu, maana sabuni haipo, na kile kipande kidogo nilichonacho nimekitunzia blauzi za kazini.

Baada ya wiki chache Sukari alianza kujificha. Akisikia ndala zangu ukumbini anaingia chini ya kitanda mpaka ukutani. Mimi nikafurahi, mwanangu. Nikamwambia hata mwalimu mwenzangu, "Unaona, anajua kosa lake." Nilikuwa mpumbavu mwenye vyeti.

Ndipo ikafika siku ile. Ilikuwa Jumamosi, sikwenda shule. Nilitoka asubuhi kwenye foleni ya unga, nikarudi adhuhuri mikono mitupu na hasira zangu kichwani. Mlango wa chumba sikuwa nimeubana vizuri. Sukari alikuwa ametoka, amejilaza ukumbini penye upepo, amelala usingizi. Bi Mwanamkasi alikuwa ametandika mkeka wake mlangoni pake, akaenda uani kutawadha. Nilipomwona mbwa pale ukumbini alipokatazwa, nikanyakua fimbo iliyokuwa nyuma ya mlango. Akafumbua macho, akaniona. Hakuwa amefanya lolote, alikuwa amelala tu. Akakimbia akitafuta kitanda cha kuingia chini yake, kitanda hakuna, akajibana kwenye mkeka, na pale pale, kwa hofu, mkojo ukamtoka.

Bi Mwanamkasi aliingia kutoka uani na kutukuta hivyo. Hakupaza sauti. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akatazama fimbo. Kisha akasema, "Weka hiyo. Chukua ndoo."

Mkojo wa mbwa kwa watu wa madhehebu yake ni najisi nzito. Huoshwa mara saba, na moja katika hizo ni kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Nami ndiye niliyeosha. Bomba lilikuwa mtaa wa pili, na maji yakitoka kwa mapenzi yake. Niliteka, nikabeba kichwani, nikaosha mkeka, nikaosha sakafu ya ukumbi, yeye amekaa kwenye kibao anahesabu. Nilipomaliza mara ya saba jua lilikuwa limepinda na mgongo wangu haunyooki. Nikadhani tumekwisha. Akasema, "Na ile pembe yako ya chumbani. Harufu yake naisikia huku kwangu." Nikaanza tena.

Jioni nilifungasha. Nilimweka Sukari ndani ya kikapu, nikafunika kwa kanga. Nilikuwa nimekata shauri nimpeleke kwa mlinzi mmoja Chumbageni aliyekuwa akitaka mbwa, na kama hamtaki, nimwache huko huko. Nilimwendea Bi Mwanamkasi kumwambia kwamba anayetoka ni mbwa peke yake, mimi naomba anisamehe nibaki.

"Wampeleka wapi?" akauliza.

"Chumbageni, mama. Amenishinda. Nimempiga mpaka nimechoka, hasikii. Mchelea mwana kulia..."

Hakuniacha nimalize. "Mie sikumchelea," akasema. Nilipomtazama nikaona si hasira aliyokuwa nayo. "Kaa hapo, mwanangu. Weka kapu chini."

Akaniambia habari za Bakari, mwanawe wa pekee aliyeishi Mombasa, ambaye sisi wapangaji tulimjua kwa jina tu. Bakari alikuwa mtoto wa kukojoa kitandani, mpaka umri wa miaka saba, minane. Kila asubuhi mama yake alimtoa nje na godoro lake, akamwanika nalo mbele ya wenziwe wanaokwenda chuoni kusoma Kurani, na alipolia alimcharaza. "Alikoma," Bi Mwanamkasi akasema. "Mwaka ule ule alikoma kukojoa kitandani. Kisha akakoma kulala nyumbani. Leo kwa shangazi yake, kesho kwa babu yake, akabaleghe akavuka mpaka. Yeye alilia siku zile, nami nalia mpaka leo."

Ndani ya kikapu Sukari alikuwa ametulia kabisa, hata kuhema hakusikiki, kama alivyojifunza kwangu.

"Nimekuwa nikikuona kwa dirisha lako la uani," akaendelea. "Huyu hukojoa saa mbili, nawe wampiga saa nane. Wadhani ajua kosa lake? Ajua umefika, basi. Na humpigii kukojoa, wampiga kwa kulala, kwa kuamka, kwa kukutazama. Nimelea mtoto mmoja nikamharibu, lakini nimelea wajukuu wa dada yangu wanne, na kwa hao nilikuwa nimekwisha kujua. Kiumbe mchanga hukojoa akiamka, akisha kula, akisha kucheza. Basi mtoe akiamka, mtoe akisha kula, mtoe akisha kucheza. Kila mara mahali pamoja. Akifanya, msifu. Asipofanya, subiri. Hayo tu."

"Na nikiwa shule, mama?"

Akautazama mlango wa uani. "Mkatie kamba," akasema.

Mwanangu, hili ndilo ambalo mtu angenisimulia nisingeamini. Nilinunua kamba ya katani ndefu, ncha moja shingoni mwa Sukari, ncha ya pili kwenye msumari kando ya mlango wa uani. Yule mama, ambaye nguo yake ikiguswa na mbwa akiwa majimaji ni shughuli ya maji saba, alikaa kwenye kibao chake akichambua mchele, na kila Sukari alipoamka aliishika kamba kwa ncha kavu akamvuta taratibu mpaka kwenye ua wa makuti, huku akisema, "Haya, mja wa Mungu, twende." Hakumgusa hata siku moja. Akishafanya haja alimrushia kichwa cha dagaa. Alfajiri alipofungua mlango wa nyuma kwenda kutawadha, alinigongea nami nikamtoa Sukari.

Na ile pembe ya chumbani Sukari hakuirudia tena. Miezi yote ile nilimpiga kwa kurudi palepale, kumbe harufu yake mwenyewe ilikuwa ikimwita, na maji yangu matupu hayakuiondoa. Udongo uliiondoa. Bi Mwanamkasi alinitaka nioshe kwa ajili ya dini yake, nami nikapata faida ambayo hata sikuomba.

Usidhani ilikuwa siku mbili. Ilichukua muda, na ilirudi nyuma mara kadhaa. Masika ilipoingia Sukari alikataa kata kata kutoka nje, kwa sababu mbwa wa miguu ile maji ya chini humfika tumboni. Asubuhi moja alisimama mlangoni mwa chumba akanitazama, akageuka, akakojoa kwenye kizingiti. Mkono wangu wenyewe ulikwenda nyuma ya mlango. Fimbo haikuwapo. Bi Mwanamkasi alikuwa ameichukua zamani akachochea nayo moto wa maharage, na hakuniambia. Basi nikajitanda kanga kichwani, nikambeba mpaka kwenye ua, tukasimama pale mvuani mimi na yeye, wote wawili tumenuna. Nilisimama mpaka kanga ikalowa yote. Akafanya. Nikamsifu kwa sauti hata nikaona haya.

Kabla mwaka haujaisha Sukari alikuwa akikwaruza mlango wa uani mwenyewe. Lakini kilichonigusa zaidi si hicho. Siku moja nilirudi kutoka shule, ndala zangu zikasikika ukumbini, na badala ya kimya nikasikia kucha zinakuja mbio sakafuni. Nilikaa chini pale pale na madaftari yangu.

Ilipokuja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, bidhaa zikafurika, sabuni za kila rangi zikapangwa barabarani mpaka tukazipita bila kuzitazama. Bakari naye akaja. Alikuwa mfanyabiashara sasa, mtu mzima mwenye ndevu, amemletea mama yake katoni za sabuni kutoka Mombasa. Nilikuwapo nyumbani. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kama kawaida, lakini alisimama nje akapiga hodi. Akangoja. Akapiga ya pili, akangoja, akapiga ya tatu, mpaka mama yake alipomfikia na kumwambia karibu. Alikunywa chai kiti cha wageni, akasema maneno mazuri ya heshima, na usiku akaenda kulala gesti. Bi Mwanamkasi alibaki amesimama mlangoni akizitazama zile sabuni. Mtoto wa nyumba hapigi hodi, mwanangu. Yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Mimi fimbo ya darasani sikuiacha siku ile ile, nisikudanganye. Niliipunguza, nikaisahau nyumbani mara kwa mara, mwisho nikawa siibebi. Wapo wanafunzi wa mwanzo wanaonikwepa mpaka leo wakiniona sokoni Ngamiani, na najua ni wa miaka gani.

Basi nasaha yangu ni hii. Usimpige mbwa wako kwa jambo lililopita, hajui unamdai nini. Mtoe mara nyingi kuliko unavyoona inatosha, mahali pamoja, na usione haya kumsifu. Pale alipokojoa, osha mpaka harufu iishe, si mpaka macho yako yaridhike. Na ukiona hasira inapanda, toka nje wewe kwanza, yeye atafuata. Hofu inafunza upesi, hilo sikatai, ila somo linalobaki ni kukukimbia wewe.

Usimrudishe. Mwezi mmoja mwingine, kwa ajili yangu.

Mungu akupe subira nami aniongezee, maana bado sina ya kutosha. Ailaze pema roho ya Bi Mwanamkasi. Na akujalie nyumba ambayo walio ndani, wakisikia miguu yako inakuja, watakimbilia mlangoni na si chini ya kitanda.