Kompyuta ya Marehemu Shutu

Mwinga hakuwa na subira na watu, na hakuona haya kusema hivyo. Kibanda chake cha kutengeneza kompyuta hapo Bongwe kilikuwa na bango moja tu, aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe: KAMA UMESHAPITA KWA FUNDI MWINGINE, SEMA MAPEMA. Wateja walidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mtu huyo alikuwa na miaka arobaini na sita, miwani yake imeungwa kwa waya, na kila mtu kuanzia Ukunda mpaka Matuga alijua mambo mawili juu yake. La kwanza, akikwambia mashine imepona, imepona kweli. La pili, kabla ya kukwambia hivyo atakugombeza wewe, amgombeze aliyekuuzia, kisha amgombeze na aliyeiunda, popote alipo duniani.

Mwanapili alifika Jumatatu asubuhi. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, ameolewa hapo hapo Bongwe, na kifuani alikuwa amekumbatia furushi la leso.

"Shikamoo, mama," Mwinga alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Si mzima sana. Lete tuone."

Ndani ya leso mlikuwa na nailoni, na ndani ya nailoni kompyuta ndogo ya mkononi. Mwinga alipoipapasa ile nailoni, vidole vyake vilitoka na maji.

"Nani aliifunga hivi?"

"Baba. Alisema hewa ya bahari inaila."

"Na aliifunga ikiwa bado ina moto?"

"Alikuwa akimaliza kuitumia tu, papo hapo anaifunga."

Hasira zikampanda. Kosa hili amelikuta pwani nzima. Watu wanaogopa chumvi ya hewani, wanachukua mashine yenye moto wanaivika nailoni, inatoka jasho humo ndani usiku kucha, na kutu inapata kitanda na shuka. "Baba yako mwambie aje hapa mwenyewe," alifoka. "Nina maneno naye!"

"Hawezi kuja. Tulimzika mwezi wa Shaabani."

Mwinga alivua miwani. Alisema pole, akamsogezea stuli, na kwa muda akawa mtu wa adabu.

Ndipo Mwanapili akamweleza. Baba yake, Mzee Shutu, alikuwa karani mstaafu, mtu wa kupenda mambo yaandikwe. Ukoo wao ulikuwa na shamba Msambweni, na humo shambani wamelala watu wao wa vizazi vinne. Makaburi yenyewe hayakuwa na majina. Yalikuwa na jiwe la tumbawe kichwani na jingine miguuni, basi. Aliyejua nani amelala wapi alikuwa Mzee Shutu peke yake, kwa kuwa ndugu zake wote walishatangulia, na Mwanapili ni mwanamke; kwao wanawake hubaki nyumbani kulia, wanaume ndio huenda kuzika. Katika mwaka wake wa mwisho mzee alikaa mbele ya kompyuta hii siku baada ya siku, akairekodia kwa sauti yake kila kaburi: uanzie wapi, hatua ngapi, ni la nani.

Mwaka huo huo akatokea bwana mmoja kutoka mbali na karatasi yake. Karatasi ilisema amepewa shamba hilo mwaka wa 2016, likiwa pori tupu, halina nyumba wala kaburi. Alizungusha ua wa waya, na mzee alipofariki akaingiza tingatinga, akalisawazisha lote.

"Alhamisi kikao cha ardhi kinatusikiliza Matuga," Mwanapili alisema. "Nikienda bila sauti ya baba, nimekwenda mikono mitupu. Makaburi yetu ndiyo hati yetu, mwanangu. Hatuna nyingine."

"Umeshapita kwa fundi mwingine?"

Mama aliangalia chini. Alikuwa amepita kwa Duncan, kijana wa bara mwenye duka kubwa la vioo pale Ukunda. Duncan aliichezea mashine saa nzima, kisha akamwambia, "Mathe, hii tunapiga Windows mpya tu, itakuwa fiti kabisa." Mwanapili akamwuliza kama sauti ya baba yake itakuwepo. Duncan akaanza kujikuna shingo. Mama akaichukua mashine yake akaondoka.

"Windows mpya!" Mwinga alisimama hata stuli ikaanguka. "Angefuta ukoo mzima kwa kubonyeza mara mbili! Wao dawa yao ni hiyo hiyo. Kichwa kinauma, kata kichwa!"

Alipoiwasha, kioo kilibaki cheusi. Feni ilizunguka, taa ikawaka, kisha kimya. Kwa mashine nyingine angeng'oa diski akaisomee kwenye kompyuta yake, mchezo ukaisha. Hii haikuwa na diski ya kung'oa. Ilikuwa katika zile za bei rahisi ambazo kumbukumbu zake zimechomelewa kwenye bodi yenyewe, ile sahani ya kijani inayobeba kila kitu. Bodi ikifa, mzee anakufa mara ya pili. Mwinga aliwatukana waliobuni jambo hilo kwa Kiduruma, lugha ya mama yake, kwa sababu Kiswahili aliona hakitoshi.

Alimpigia simu Duncan. "Ulibonyeza nini humu ndani?"

"Budaa, kwani kuna noma? Ilikuwa kila ukiwasha inajifungulia ile page ya settings. Nikajaribu-jaribu, ikakataa, nika-reset, ndo ikaenda black."

"Ulijaribu-jaribu! Uliandika ulichobadilisha?"

"Zii. Kwani ni mtihani?"

Mwinga alikata simu kabla hajasema neno la kumpeleka polisi. Lakini kijana alikuwa amemwachia kitu cha kufikiria. Ukurasa ule wa mipangilio ya bodi haujifungui wenyewe. Hufunguka pale tu mtu anapokishikilia kitufe fulani wakati mashine inaamka. Nani alikishikilia? Jumanne asubuhi aliifumua kibodi, na alipokifikia kitufe hicho alikikuta kimeganda kwa kutu ya kijani, kimezama, hakirudi. Ilikuwa kazi ya nailoni. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imeshikwa koo tu, na badala ya kumwachisha aliyeishika, Duncan akaja akaitia na kitambaa mdomoni.

Alichomoa utepe wa kibodi kutoka kwenye bodi, akasugua kutu kwa spiriti na mswaki, akachomeka kibodi ya nje. Bado kioo cheusi. Ila sasa aliweza kuingia kwenye mipangilio kwa hiari yake. Alichukua daftari la shule, akaandika kila mpangilio ulivyo kabla ya kuugusa, na baada ya kila badiliko moja aliizima mashine na kuiwasha tena. Ilikuwa kazi ya kuchosha na ya kutia wazimu. Badiliko moja, zima, washa, cheusi. Jingine, zima, washa, cheusi. Mama ntilie wa jirani alimletea chai akagombezwa kwa sababu kikombe kilitoa mvuke karibu na bodi.

Jumatano baada ya adhuhuri alifika mahali bodi inapochaguliwa ni mfumo gani itauamsha. Katika kurudisha mipangilio yote ilivyotoka kiwandani, Duncan alikuwa ameiacha bodi ikitafuta mfumo wa simu, ambao humo haumo, na Windows imelala palepale pembeni inasubiri kuitwa. Mwinga alibadilisha mstari huo mmoja. Kioo kikawa buluu, kisha ikatokea picha ya mnazi aliyoipenda marehemu.

"Mshenzi wewe," Mwinga alisema, na haikujulikana anaiambia mashine au nani. Machozi yalikuwa yanamlenga.

Mwanapili alipoitwa na kuisikia sauti ya baba yake ikisema "Bismillahi, mimi Shutu," alijifunika uso kwa leso. Kisha macho yake yaliangukia kwenye orodha ya zile sauti, na kando ya kila moja tarehe yake. Januari 2014. Zote.

"Mbona elfu mbili na kumi na nne? Baba alisema haya mwaka jana."

"Betri ndogo ya bodi imekufa zamani. Stima ikikatika, saa inarudi siku ile bodi ilipoundwa. Baba yako hakuirekebisha. Nitakuwekea betri mpya na saa ya sawasawa, na nitakuandikia barua ya kueleza."

Mwanamke huyu hakuwa mjinga. "Mwanangu," alisema polepole, "yule bwana anasema alikuta pori mwaka wa kumi na sita. Hii inasema baba aliyataja makaburi miaka miwili kabla. Iache. Usiandike barua."

"Sitaiacha."

"Mwizi amekuja na karatasi ya uongo, nami nina haki yangu! Wewe unanipimia ukweli?"

"Ndiyo, nakupimia!" Mwinga alipiga meza kwa kofi. "Unajua mimi nilikuwa nani? Nilikuwa mtunza stoo wa hoteli huko Diani, miaka kumi na moja. Siku moja nyama na mvinyo vikapotea. Kompyuta ya mlangoni ikasema kadi yangu ilifungua stoo Jumapili saa nne asubuhi. Saa hiyo nilikuwa Kinango nimeshika sepetu, namzika shangazi yangu, watu arobaini wananiona! Kwa kadi hiyo nilikuwa nimefungua stoo Ijumaa. Saa ya ile mashine ndiyo ilikuwa mbovu. Nani alinisikiliza? Walisema kompyuta haina sababu ya kusema uongo. Unga ukamwagika, na jina la wizi ninalo mpaka leo. Ndipo nikajifunza kazi hii, mama. Nilitaka kujua ni kitu gani kiliniua. Saa mbovu haitatoka kibandani kwangu. Hata kwa haki yako. Hata kwa baba yako."

Mwanapili alisimama, akaifunga mashine kwenye leso. Barua aliipokea kwa ncha za vidole. Hakuaga.

Alhamisi Mwinga alifunga kibanda akaenda Matuga, akaketi benchi la nyuma kabisa. Hakuwa na uhakika kama barua ile ilikuwa bado nzima. Wakili wa yule bwana, kijana wa tai nyekundu, alizitazama zile tarehe kwenye kioo, akauliza sauti zilirekodiwa lini.

Mwanapili aligeuka, akamtafuta Mwinga kwa macho, akampata. Jicho alilomtupia halikuwa la shukrani.

"Mwaka jana," alisema. "Saa ya kompyuta ilikuwa mbovu. Barua ya fundi hii hapa."

Wakili alicheka waziwazi. Kwa hiyo, alisema, hizi ni hadithi za mwaka jana, za mzee aliyekuwa na lake rohoni, wakati ugomvi umeshaanza. Mwinga aliuma meno akasikia ladha ya damu. Alijiona ndiye aliyewazika watu wale safari hii.

Lakini mwenyekiti wa kikao, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, aliizungusha kalamu yake. "Mzee anasema kuna mawe na anasema yako wapi. Mawe yapo au hayapo. Jumamosi tukaangalie."

Jumamosi shamba lilikuwa uwanja mwekundu, halina hata jani. Kilichosalia ni kisima, kwa kuwa bwana mwenyewe alikihitaji. Alikuwepo, na miwani ya jua na mlinzi wake. Mwinga aliiweka kompyuta juu ya ukingo wa kisima, akaiwasha, na sauti ya Mzee Shutu ikatoka.

"Simama kisimani uelekee kibla. Hatua arobaini na mbili. Hapo yupo mama yangu."

Mwinga alihesabu hatua arobaini na mbili. Jembe lilichimba shubiri, likachimba mbili, likatoa mchanga. Wakili alitazama saa yake. Bwana akasema kitu kwa Kiingereza, mlinzi akacheka, na Mwinga akamwendea na ngumi imekunjwa.

"Fundi!" Mwanapili aliita. "Rudi. Baba alikuwa mfupi, wewe miguu yako ni ya ngamia."

Alivua viatu. Mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga penye mazishi ya mtu wake yeyote alisimama kisimani, akaelekea kibla, akaanza kutembea mwendo wa baba yake, hatua fupi fupi, anahesabu kwa sauti. Alikomea mbali kabla ya kulifikia lile shimo la Mwinga. Jembe lilipoteremka lilitoa mlio wa jiwe. Wakafukua kwa mikono, likatokea tumbawe la kichwani, limekwanguliwa juu na meno ya tingatinga, na mbele yake lile la miguuni. Hakuna aliyecheka tena.

Kompyuta ilikuwa bado inasema. "Kushoto kwake, hatua mbili, hapana mtu. Hapo nimejiwekea mimi."

Mwanapili alihesabu hatua mbili akasimama. Akageuka kumtazama yule bwana.

"Wanaume walimleta hapa jenezani," alisema. "Tangu asubuhi mpaka alasiri wamesimama langoni kwako juani, na maiti begani. Ukakataa kufungua. Tukamlaza Ukunda, katikati ya watu asiowajua."

Bwana alivua miwani ya jua. Alisema mlinzi hakumwambia kuwa marehemu alikuwa na mahali pake hapo.

"Basi leo nakuambia mimi," Mwanapili alisema, na hakuondoka penye ile nafasi tupu mpaka mwenyekiti alipomaliza kuiandika katika kumbukumbu za kikao.