Lori Lililomlalia Baba

Harufu ya mafuta ya jeki hunikuta katika kila mji ninaohamia. Nikipita mbele ya gereji, miguu husimama yenyewe. Wewe unayenisoma, acha nikueleze kwa nini.

Miaka ya sabini ilipoanza, baba alikuwa utingo wa lori lililopeleka kahawa Kasese kutoka kwetu Bwera. Siku moja ya mvua lori hilo liliteleza karibu na nyumba yetu, likalala ubavu. Dereva alitoka mzima. Baba alibanwa mguu chini ya bodi. Nilimkuta matopeni, punje za kahawa zimemganda nyweleni, nikapiga magoti nikamshika kichwa.

Majirani walifunga kamba wakavuta kwa wimbo, kama tulivyozoea kukokota magogo mlimani: wote wanaitikia, wote wanavuta kwa ghafla. Lori likainuka kidogo, kamba ikawaponyoka, likarudi chini. Mlio alioutoa baba sijausikia tena kwa mtu yeyote.

Ndipo akaja sajini wa kambi ya jeshi ya jirani, mtu wa kaskazini, amebeba jeki na kapi. Watu wakarudi nyuma; miaka ile ya utawala wa jeshi kila mwenye buti aliogopwa. Alilifunga kapi kwenye mkaratusi mnene upande wa juu wa barabara, akapitisha kamba katika magurudumu yake, kisha akaisimamisha jeki juu ya ubao, chini ya ukingo wa bodi.

"Hakuna kuimba!" alifoka. "Jeki inainua, kamba inashika. Vuta pole pole!"

Akapampu mpini. Silinda ikapanda, lori nalo likapanda upana wa kidole. "Simama!" Wanaume wakaizungusha kamba kwenye shina, wakaikaza. Sajini akashusha jeki, akaongeza ubao chini yake, akaanza upya.

"Afande, mutu iko chini!" shangazi alilia. "Unangoja nini, tumuzike?"

"Mama, nyamaza."

Baba akafumbua macho. "Muambie afande mimi si gunia la kahawa," akaninong'oneza. "Kila saa ananipima."

Nilimchukia yule sajini kwa kila "simama" yake. Niliamini anafurahia kututesa.

Baba alitolewa kabla ya giza. Mguu ulipona, ingawa goti halikukunjika tena. Sajini alifungasha vyombo vyake akaenda, na hakuna aliyempa hata maji ya kunawa.

Miaka mingi baadaye, katika vibarua vyangu vya huku na huko, nilishika mpini wa jeki mwenyewe. Silinda ina nguvu za ajabu, lakini mwendo wake ni mfupi. Ikifika mwisho lazima ishushwe ipandishwe juu ya ubao mwingine, na wakati huo mzigo wote hubaki kwenye kamba. Kumbe kila aliposema "simama", lori zima lilikuwa linashikwa na mikono ileile iliyokwisha kuliachia mara moja, na baba yuko chini yake. Sisi tulimwogopa sajini. Yeye, sasa naamini, alikuwa anaitazama kamba, akiogopa kuliko sisi sote.