Pikapu Iliyokunywa Maji Bila Kudondosha Tone

Nakumbuka siku moja nilipomfukuza uani kwangu mtu pekee aliyekuwa amekuja kuniokoa. Nilimfukuza kwa wivu, mwanangu. Nakuambia mapema ili usije ukafikiri kulikuwa na sababu nyingine ya maana.

Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, hapahapa Ifakara. Mimi na mke wangu Tekla tulikuwa tumeuza shamba la mpunga tukanunua pikapu iliyokwishatumika huko Japani. Shamba lenyewe halikuwa langu. Baba yake alimpa yeye, na yeye ndiye aliyekubali liuzwe, kwa hiyo pikapu ile ikifa mke wangu hana gari wala udongo wa kulima. Kazi yetu ilikuwa kubeba mpunga kutoka Kiberege kuuleta kwenye mashine za kukoboa hapa mjini. Siku za gulio Tekla, ambaye kwa jina la binti yetu wa kwanza nilimwita Mama Anitha, alipanda mbele pamoja nami na ndoo yake ya perege wa kuuza, akaiweka miguuni.

Miezi michache tukaenda vizuri. Halafu maji yakaanza kupotea. Asubuhi injini ikiwa baridi nafungua kifuniko cha rejeta, nakuta yameshuka. Nainama kuangalia chini, ardhi kavu kabisa. Najaza ile kulanti, maji ya kijani ya kupozea injini, baada ya siku mbili imeshuka tena. Fundi wa kwanza akabadilisha mipira. Wa pili akabadilisha kifuniko. Wa tatu akasema gasketi ya silinda hedi imeungua. Nikamuuliza mbona oili ni safi, haijageuka kama chai ya maziwa, wala moshi si mweupe. Akasema itageuka tu, nivute subira.

Kila niliyemlalamikia alinipa jibu lilelile, kwamba niende kwa Longino.

Longino alikuwa na gereji kwenye njia ya kwenda darajani. Fundi hodari, mpole, mrefu kuliko mimi, na watu walipenda kunikumbusha yote hayo. Lakini Longino huyohuyo ndiye aliyekuwa amepeleka posa kwa kina Tekla, kule Sanje, kabla yangu. Mimi nikipita penye gereji yake nilikanyaga mafuta. Tekla akiwa kando yangu, nilimtazama kwa jicho la pembeni nione kama shingo yake itageuka. Akimwitikia salamu njiani, nilikaa siku nzima nikijiuliza kwa nini ameitikia kwa sauti laini namna ile, mbona mimi ananijibu kama anayeita kuku. Nilikuwa radhi gari liungue kuliko kumpa Longino nafasi ya kusema amenisaidia.

Mara mbili Mama Anitha aliniambia zulia la upande wake limelowa. Nikamjibu kwamba ndoo yake inamwagika. Akasema ndoo ina mfuniko. Nikasema maji ya samaki hayana adabu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi alasiri moja narudi kutoka sokoni kwa miguu, nakuta mlango wa abiria wa pikapu uko wazi. Longino amepiga magoti, kichwa amekiingiza chini ya dashibodi. Mama Anitha ameinama karibu yake, ameshika zulia. Mwanangu, zulia sikuliona. Niliona vichwa viwili na nafasi iliyokuwa kati yavyo, nayo ilikuwa ndogo sana.

Longino akanisalimu vizuri, akaanza kusema ameona tatizo. Nikamwambia, "Tatizo ni wewe. Toka kwangu."

Akafuta mikono kwenye suruali. Akamtazama Mama Anitha mara moja, jambo lililozidi kunichoma, akaondoka. Mama Anitha alipojaribu kunieleza, nilimkatiza. Nilimwambia sitaki kusikia maneno ya Longino yakitoka kinywani mwake. Akanyamaza hadi kesho yake.

Kesho yake alfajiri nikajaza rejeta hadi juu, nikaenda Kiberege peke yangu, nikapakia magunia. Njia nzima ya kurudi kichwa changu kilikuwa uani. Nani alimwita? Alifika saa ngapi? Alipewa maji ya kunywa, na kama alipewa, kwa kikombe kipi? Mara mojamoja nilitupa jicho kwenye mshale wa joto. Umelala chini, nikaona niko salama. Sikujua kwamba maji yakiisha kabisa, kile kipimo hubaki hewani kikakosa cha kupima. Injini ikagonga, ikazima. Nilipojaribu kuwasha, haikuzunguka. Ilikuwa imenoki, imekwama kwa joto.

Mwenye mpunga akahamishia magunia yake kwenye lori jingine. Alinipa pole, na afadhali angenitukana.

Habari ilimfikia Mama Anitha kabla ya jua kupanda sana. Akaja kwa bodaboda, ameniletea wali kwenye hotipoti. Nikala, kwa kuwa njaa haina haya. Na unajua kitu cha kwanza nilichomuuliza, gari limekufa mbele yetu? Nilimuuliza kama ni Longino aliyemwambia niko pale.

Alifunika hotipoti taratibu.

"Posa ya Longino ilifika kwetu mwaka mzima kabla ya yako, Baba Anitha. Baba aliniuliza, nikaikataa. Ya kwako nikaikubali. Jana nilimwita aangalie gari kwa sababu shamba langu limo humo ndani."

Kisha akafungua mlango wa upande wake, akainua zulia. Bati lote la chini lilikuwa limejaa maji ya kijani. Samaki gani wa mto huu ana maji ya kijani?

Gari lile lilikuwa na hita. Huko lilikotoka kuna baridi, lakini hapa bondeni nani anawasha hita? Mafundi watatu walisahau kuwa ipo, na mimi sikuwahi kujua. Ni kirejeta kidogo kilichofichwa chini ya dashibodi, na maji ya injini hupita humo hata usipoiwasha. Kilikuwa kimetoboka, kikavujia miguuni kwa mke wangu. Longino hakuwa mchawi. Alimuuliza anayekaa upande ule, basi.

Tulivuta gari hadi kwake na nikamwomba radhi mbele ya wateja wake. Aliiunganisha pamoja mipira miwili iliyokwenda kwenye hita ili maji yasipite tena humo, kazi ya muda wa kuchemsha chai. Injini ndiyo iliyotusumbua. Ili tulipie injini nyingine, misimu miwili Mama Anitha alipandikiza mpunga wa watu kwa kibarua, matope magotini, yeye aliyekuwa na shamba lake. Hakunitupia neno hata siku moja. Nilikuwa nikimpelekea chakula huko shambani, nashindwa kumtazama usoni.

Sikudanganyi kwamba wivu ulikwisha. Hata leo Longino akitajwa nakunja uso kidogo, na mwenzangu hunicheka.

Kwa hiyo mwanangu, wewe uliyenunua gari la mtumba na kuoa mwaka huohuo, nisikilize. Maji yakipotea na chini pakavu, tazama oili, tazama moshi, kisha inua mazulia. Na mkeo akikwambia miguu yake imelowa, acha unachofanya ukaguse kwa mkono wako. Usimkatalie fundi aliyemwita kwa kuogopa sura ya fundi. Mkeo alikwisha kukuchagua wewe, mwamini. Ukimzibia mdomo leo, kesho ataona hatari inakuja na atanyamaza, naye ndiye atakayelipa pamoja nawe.

Mungu akulindie injini yako na nyumba yako. Akujalie mke asiyechoka kukuambia ukweli, na akupe wewe moyo mtulivu wa kuusikia mara ya kwanza anapousema.